Springla ya nyumbani huanza na ndoo

Vichwa vyote kumi na viwili vya springla vilitakiwa vichomoze ardhini kwa pamoja na kurusha maji, huku mimi nimesimama barazani na kikombe cha chai. Ndivyo nilivyokuwa nimeota. Fundi akafungua koki. Vichwa viwili vilivyo karibu na mita vikainuka nusu, vikatema povu, vikazama tena. Vilivyobaki havikutikisika hata kidogo. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia, akasema, "Mzee, maji hayana nguvu."

Hakukosea sana. Ila neno hilo "nguvu" ndilo lililotuponza wote wawili, na nimegundua tangu siku ile kwamba ndilo linalowaponza wengi wanaotaka kuweka mfumo wa kunyunyizia bustani ya majani nyumbani. Tukisema maji yana nguvu, tunasema mambo mawili kwa mkupuo mmoja: msukumo wa maji ndani ya bomba, na wingi wa maji yanayotoka kwa dakika. Hivi ni vitu tofauti. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine, na springla inavitaka vyote viwili kwa wakati mmoja.

Chukua mpira wa maji. Ukiuachia wazi, maji yanamwagika karibu na miguu yako. Ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba, maji yanaruka hadi kwenye ukuta wa jirani. Lakini weka ndoo: haitajaa haraka zaidi kwa sababu umeziba kwa kidole, tena itachelewa kidogo. Umepata msukumo zaidi mdomoni, hukupata wingi. Kuanzia hapa nitauita msukumo presha, kama mafundi wanavyouita, na kile kingine nitakiita wingi.

Naishi Kibaha, mji ambao watu wa Dar es Salaam walikuwa wakiupita tu wakielekea Morogoro. Sasa hawaupiti, wanahamia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,488 katika mji huu, na ile ya 2022 ikakuta idadi imefika takriban mara mbili. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi hapa, kilomita 19.2, na kila kichaka kilichokuwa na mikorosho kimepigwa bikoni. Mtu akishamaliza kupaua, akapiga rangi, akaweka geti, jambo linalofuata ni majani mbele ya nyumba. Na anayepanda majani kwenye kichanga cha Pwani mwezi Juni, mvua za masika zimeshakatika, atashika mpira wa maji kila jioni mpaka mikono iote sugu. Ndipo wazo la springla linapoingia.

Nataja kukua kwa mji kwa sababu kunaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Maji yetu yanatoka mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, ambao baada ya kupanuliwa unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ni maji mengi. Lakini bomba lililopita mtaani kwako lililazwa wakati mtaa una nyumba kumi, na leo zipo arobaini, zote zimetoboa bomba lilelile. Presha uliyoipima mwaka uliohamia si presha ya leo, na ya leo si ya miaka mitatu ijayo. Anayejenga mfumo unaofanya kazi kwa taabu hivi sasa anajenga mfumo utakaokufa jirani wa nne akivuta maji.

Kwa hiyo kabla ya duka, ndoo.

Chukua ndoo ya lita 20, nenda kwenye koki ya nje iliyo karibu zaidi na mita, fungua yote, na pima kwa simu inajaa kwa sekunde ngapi. Mimi Jumamosi saa 5 asubuhi, wakati kila mtu anafua, nilipata sekunde 67. Hiyo ni lita 18 kwa dakika. Nikarudia saa 10 alfajiri: sekunde 41, yaani lita 29. Tofauti hiyo ndiyo majirani zako. Pima zaidi ya mara moja, na uandike.

Halafu nunua au azima geji ya presha, ile ya kufunga kwenye koki. Nayo ina hila zake. Ukiifunga koki ikiwa imejaa maji yaliyotulia, inasoma juu na kukupa moyo. Hiyo ni presha ya maji yaliyolala. Mara maji yanapoanza kutembea, presha inashuka, kwa sababu sehemu yake inaliwa na kusuguana na kuta za bomba. Na ndoo nayo inadanganya upande wa pili: inakuonyesha wingi pale ambapo presha imeachiwa yote mdomoni mwa koki. Springla inakaa katikati ya uongo huu wa pande mbili. Geji yangu ilisoma baa 1.6 mchana (baa ni kipimo cha presha), maji yamelala. Vichwa nilivyonunua vilitaka baa 2, maji yanatembea. Kesi iliisha hapo, kabla hata ya kuhesabu idadi ya vichwa.

Lakini tuihesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotelea.

Gadeni yangu ni mita 9 kwa 12, yaani mita za mraba 108. Nilinunua vichwa vya kawaida, vile vinavyotoa maji kama feni iliyofunguliwa, vyenye uwezo wa kurusha mita 4.5. Kanuni ya kupanga vichwa inawashangaza wengi: kichwa kimoja kinatakiwa kurusha maji mpaka kwenye miguu ya mwenzake. Si kukutana katikati. Sababu ni kwamba hakuna kichwa kinachomwagia sawasawa, kwa kuwa karibu na shina lake na mwishoni kabisa mwa mrusho maji yanapungua. Kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Ukivitenganisha mara mbili zaidi ili kuokoa pesa ya vichwa, baada ya mwezi utaona ramani ya mfumo wako imechorwa kwenye majani, duara za kijani na nyota za rangi ya udongo katikati yake.

Kwa kanuni hiyo nilihitaji safu tatu za vichwa vinne: vinne vya kona vinavyogeuka robo duara, sita vya pembeni vya nusu duara, viwili vya katikati vya duara zima. Kwenye presha yake sahihi, kichwa cha robo hula takriban lita 3.5 kwa dakika, cha nusu lita 7, cha duara zima 14. Jumlisha: 14 za kona, 42 za pembeni, 28 za katikati. Lita 84 kwa dakika. Nami nilikuwa na 18, tena bila presha.

Sasa fikiria jinsi nilivyompigia kelele yule fundi.

Wenye mifumo hii hutatua tatizo hilo kwa kugawa bustani katika zoni. Zoni ni kundi la vichwa lenye valvu yake, na linafunguliwa peke yake wakati mengine yamefungwa. Ukiwa na lita 17 kwa dakika zenye presha ya kutosha, unagawa ule ulaji wa 84 katika mafungu matano hivi, yanapokezana. Valvu zinaweza kuwa za mkono, unageuza mwenyewe, au za umeme zinazoamrishwa na taima. Zile za umeme za betri ya volti 9 zinafaa kwetu zaidi kuliko za kuchomeka ukutani, kwa sababu umeme ukikatika usiku ratiba haipotei. Usichanganye kwenye zoni moja vichwa vya aina tofauti, wala kivuli na jua kali. Zoni moja ina saa moja, na kivuli hakinywi kama jua.

Njia ya pili ni kubadili nozeli, kile kidude cha juu ya kichwa kinachotoa maji. Ipo aina inayotoa nyuzi chache za maji zinazozunguka polepole badala ya ukungu wa feni. Inaingia kwenye shina lilelile, inarusha umbali uleule wa mita 4.5, lakini inakula takriban moja ya tano. Robo duara lita 0.7, nusu 1.4, duara zima 2.8. Vichwa vyangu vyote kumi na viwili kwa pamoja: lita 17 kwa dakika, kutoka 84. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi nilirudia mara tatu nikidhani nimeruka nukta. Ubaya wake ni kwamba inadai presha zaidi, kama baa 2.8, na bei yake ni mara kadhaa ya nozeli ya kawaida. Ubora mwingine ni kwamba matone yake ni mazito, upepo hauyabebi kirahisi.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Nozeli za kawaida hushusha maji kwa kasi, kwa mpangilio wangu milimita 46 kwa saa. Nikitaka milimita 8, kila zoni inahitaji kama dakika 10, na zoni ni tano: dakika 50 na ushee. Nozeli za nyuzi hushusha milimita 9 na kidogo kwa saa. Milimita 8 zinahitaji dakika 52, bustani nzima kwa mkupuo. Muda ni uleule. Haishangazi ukifikiri: bustani inataka lita 864, nami nina lita 17 kila dakika, na hakuna kichwa kitakachobadilisha mgawanyo huo. Kinachobadilika ni idadi ya valvu, urefu wa bomba na usumbufu. Muuzaji akikwambia kichwa chake kinamaliza kazi haraka, muulize kinachota wapi.

Lita 864 nimezipataje? Hii ni hesabu nyepesi kuliko zote, kwa sababu milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Majani ya kwetu Pwani, siku ya jua bila mvua, hupoteza takriban milimita 3 hadi 4 kwa siku kupitia majani yake na udongo. Nachukua 4. Mara mita 108 ni lita 432 kwa siku, na kwa siku mbili ndizo hizo 864. Kwa mwezi wa kiangazi zinafika yuniti 13 za mita ya maji, kila yuniti ikiwa lita 1,000. Ongeza zinazopeperushwa na zinazoanguka kwenye pevingi, utafika 17. Zidisha na bei ya yuniti iliyoandikwa kwenye bili yako, halafu kaa chini. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 80, inakula lita 400 kwa siku. Yaani gadeni yangu ni familia nyingine ya watu watano iliyohamia mbele ya nyumba, haifanyi kazi, haichangii chochote.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayeniuliza ni kupunguza majani. Weka kokoto pembeni, panda mchaichai na mikilemba, acha gadeni pale tu watoto wanapocheza na wageni wanapokaa. Wengi hawapendi jibu hilo. Wamekuja kuuliza springla ya aina gani.

Turudi kwenye presha, kwa sababu kwa walio wengi hapa maji ya bomba peke yake hayatatosha. Wazo linalokuja haraka ni simtanki juu ya mnara. Lipo tayari, lina maji, si linashusha kwa nguvu? Hesabu yake ni hii: kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1. Mnara wa mita 3, na maji yaliyojaa ndani ya tangi yakifika mita 4.5 kutoka chini, hutoa baa 0.45. Inatosha kuoga. Kupata baa 2.8 kwa mnara utahitaji kimo cha mita 28, ghorofa tisa hivi. Mnara wa tangi kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini hautakuokoa.

Basi pampu. Na kwenye pampu kuna mtego ambao umemkamata kila mtu ninayemjua, mimi nikiwemo. Pampu ndogo ya nusu hp, ile ya rangi ya bluu inayouzwa kila duka la vifaa, ina kibandiko kilichoandikwa kitu kama: kimo cha juu mita 35, wingi wa juu lita 35 kwa dakika. Mnunuzi anasoma hivyo viwili kwa pamoja na kuona mambo mazuri. Lakini havitokei kwa pamoja. Kwenye mita 35 pampu hiyo inatoa lita sifuri, maji yamesimama yanatetemeka ndani ya bomba. Kwenye lita 35 inasukuma mita chache tu. Kazi halisi iko katikati, na inasomwa kwenye ule mchoro wa mstari unaoteremka, uliochapwa ubavuni mwa boksi ambalo muuzaji ameshalitupa. Dai mchoro. Usipopewa, usinunue.

Kwa mfumo wangu nilihitaji lita 17 kwa dakika kwenye baa 2.8 ambazo ni mita 28, kujumlisha hasara ya bomba, chujio na viungo, tuseme mita 33. Pampu ya nusu hp pale ilikuwa imeshakata roho. Nikachukua ya hp moja ambayo mchoro wake ulionyesha zaidi ya lita 20 kwenye mita hizo, ikabaki akiba kidogo. Inakula chini ya yuniti moja na nusu ya umeme kwa mwagilio mmoja. Nikaongeza swichi ya floti ndani ya tangi ili maji yakiisha pampu izime yenyewe, maana pampu inayozunguka bila maji haidumu hata alasiri moja.

Mahali pa kuiweka si suala la ladha. Iweke baada ya tangi, isinyonye kutoka kwenye bomba la mtaa. Mamlaka za maji haziruhusu pampu kufungwa moja kwa moja kwenye laini yao, na sababu ni ya maana. Pampu yako ikinyonya, nyumba zilizo juu ya mlima zinakauka. Tena bomba la mtaa lina viungo vinavyovuja. Likiwa na presha, maji safi yanatoka nje, lakini likinyonywa, kilichoko nje kinaingia ndani. Kilichoko nje kwenye mitaa isiyo na mifereji ya majitaka sihitaji kukitaja.

Hatari hiyohiyo ipo hata bila pampu, na inahusu mgao. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua mpaka mgao ukatangazwa Dar es Salaam, na sisi wa Pwani tunaochota mto huohuo tulijua maana yake. Maji yanapokatika, bomba la mtaa halibaki tupu kwa utulivu. Nyumba za chini zikifungua koki, linavuta hewa kutoka za juu. Sasa vichwa vya springla vimelala ardhini, kwenye udongo uliowekwa samadi juzi na kupigwa dawa ya mchwa jana. Vikiwa vimeunganishwa moja kwa moja na bomba la nyumba, siku ya mvuto huo vinakuwa mirija. Kinachovutwa kinaishia kwenye maji ya kupikia, ya kwako au ya jirani. Nchi zenye mifumo hii kwa wingi zinalazimisha kifaa maalumu cha kuzuia maji kurudi. Sisi tuna kinga rahisi ambayo wengi tayari tunayo bila kujua: tangi linalojazwa kutoka juu, mdomo wa bomba ukiwa hewani, juu ya kiwango cha maji. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi kwenye bomba. Ukiwa na tangi la gadeni lililo peke yake, lita 2,000 kwa mfano, na pampu baada yake, umetatua mgao, presha na usalama kwa pamoja. Hata bomba likitoa lita 5 tu kwa dakika usiku, kwa saa tatu limejaza lita 900, na mwagilio mmoja umepatikana.

Wenye visima virefu wana hadithi yao. Ukanda huu, kadiri unavyosogea baharini, kisima kinaweza kutoa maji ya chumvi ambayo ukoka unayavumilia kwa muda lakini maua hayayataki, na yakikauka kwenye nozeli yanaacha ukoko mweupe unaoziba. Uchimbaji na matumizi ya maji ya kisima yana vibali vyake, na kwa upande wetu mwenye dhamana ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Ulizia kabla ya kumwita mwenye mtambo wa kuchimba, si baada.

Mabomba nitayapita haraka, isipokuwa kipenyo. Fundi wangu alitaka bomba la milimita 20 kwa sababu ni rahisi kukunja na bei iko chini. Kwa lita 20 kwa dakika, mita 30 za bomba jembamba la plastiki (HDPE) la milimita 20 hula kama baa 0.6. La milimita 25 hula 0.2 kwa kazi ileile. Na hasara haipandi kwa utaratibu: ukizidisha wingi mara mbili, inakaribia mara nne. Tofauti ya bei ya mabomba hayo mawili ni ndogo kuliko tofauti ya bei ya pampu utakayolazimika kununua kufidia. Laza bomba kina cha sentimita 25 au 30, si kwa sababu ya kitu kingine bali jembe la kijana wa bustani. Chora ramani, ipige picha kabla ya kufukia. Kabla ya kufunga nozeli, fungua maji yamwagike huru mpaka mchanga wote utoke. Mimi sikufanya hivyo, na nozeli tatu zikaziba siku ya kwanza. Kichwa kikae sawa na uso wa udongo, kisizidi, la sivyo fyekeo litakikata shingo.

Udongo ndio unaoamua ratiba. Kichanga cha Kibaha kinameza maji upesi lakini hakihifadhi. Kwenye sentimita 15 ambako mizizi ya ukoka imejazana, kinashika kama milimita 10 tu ambazo mmea unaweza kuzitumia. Ukimwaga 20, kumi zimeshuka zimekwenda zake, umemwagilia mwamba. Kwa hiyo kidogo kidogo, kila baada ya siku moja: 8 leo, unaruka kesho. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama ule wa mabondeni, mambo ni kinyume. Unahifadhi sana, lakini unameza polepole, pengine milimita 5 kwa saa. Ukiupigia nozeli ya milimita 46 kwa saa, maji yatakwenda barabarani. Huko unamwagilia dakika chache, unasimama nusu saa yazame, unarudia, na unaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kumwagilia tena. Ratiba ya shemeji yako wa mabondeni isikuhusu.

Saa nzuri ni kati ya saa 10 alfajiri na saa 12 asubuhi. Upepo wa bahari haujaamka, jua halijaanza kudai sehemu yake, na majani yanakauka mapema. Jioni inapendeza macho, lakini majani yaliyolala na unyevu usiku kucha huota ukungu. Na mvua za masika na vuli zikianza, zima taima. Kuna kihisi cha mvua kinachoizima chenyewe, ila mimi nina kidole. Aibu ya springla inayofanya kazi chini ya mvua haielezeki, hasa mtaa ukiwa umekaa siku nne bila maji.

Kuna mlio wa tiki-tiki-tiki-tiki ambao watu wengi huuhusisha na springla, ule wa mashamba makubwa ya miwa. Huo ni wa kichwa cha kugonga, kilichobuniwa mwaka 1933 na Orton Englehart wa Glendora, California: mkono wenye springi unapigwa na maji, unarudi, unakisukuma kichwa kizunguke. Ni kitu imara sana, lakini kinarusha mbali mno kwa gadeni za kwetu. Kwenye mita 9 kitamwagilia pia nguo za jirani.

Mfumo ukishakamilika, usiuamini kwa macho. Kusanya makopo matupu ya nyanya yanayolingana, kumi na tano au ishirini, yapange kwenye bustani kwa umbali sawa, washa dakika 30, kisha pima kina cha maji kwenye kila kopo kwa rula ya mtoto. Hesabu zangu zilitaka kama milimita 4 na nusu. Makopo mengi yalikuwa kati ya 4 na 5. Moja karibu na ukuta lilikuwa na 7, nikageuza kichwa kidogo. Kopo la kona, nyuma ya mpapai, lilipata 2. Nimejaribu nozeli mbili tofauti pale, kopo limebaki na 2, maana mpapai umesimama katikati ya njia na una papai. Mpapai nimeuacha, na majani ya kona ile nimeyang'oa.